Sarafu za Waliojitwalia Enzi: Habari za Rumi na za Katanga

Mtu aendaye mnadani hapa Babati hupokea sarafu na kuzitia mfukoni bila kuzitazama. Ile ya shilingi mia ina sura ya Mwalimu Nyerere, lakini muuza mbuzi haitazami sura. Ahesabu tu, kisha aenda zake. Zamani, walakini, sarafu ilikuwa na kazi ya pili, nayo ni kumtangazia mtu wa mbali ni nani atawalaye. Wasomaji wa Injili wakumbuka jinsi Bwana wetu alivyoitisha dinari, akawauliza wale waliomjaribu sura iliyo juu yake ni ya nani. Wote walijua jibu, ingawa wengi wao hawakupata kumwona Kaisari kwa macho. Walimjua kwa fedha yake.

Basi twataka leo kueleza habari za sarafu za watu wa namna nyingine, yaani wale waliojitwalia enzi kwa nguvu wakakaa nayo muda mfupi. Sarafu zao ni chache, na nyingine ni mbaya kwa kazi, lakini kwetu sisi tupendao historia zina mafunzo kuliko zile za wafalme wakuu. Kwa maana mfalme mkuu huandikwa vitabuni, na huyu wa siku chache mara nyingi hana shahidi mwingine ila kipande cha shaba. Tena shahidi huyo hasemi kweli sikuzote, na jambo hili ndilo hasa tutakalo kulionyesha.

Tuanze na Warumi. Tangu mwaka 235 hata mwaka 284 baada ya Kristo dola yao ilikuwa kama nyumba isiyo na mwenyewe. Makaisari zaidi ya ishirini walipita katika muda ule, na karibu wote waliuawa. Jeshi la mpakani likimpenda jemadari wake lilimvika joho la zambarau na kumwita Kaisari, bila kuuliza watu wa mji wa Rumi. Na jambo la kwanza alilofanya mtu yule, kabla hata hajajua kama ataishi mwezi mzima, lilikuwa kutafuta mafundi wa kupiga sarafu. Sababu zilikuwa mbili. Askari waliomtukuza walitaka kulipwa upesi, wasije wakamtukuza mwingine kesho yake. Tena alihitaji jina lake lifike mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kufika.

Katika nchi ya Galia, ambayo leo ni Ufaransa na sehemu za Ujerumani, alikuwako mtu aitwaye Marius. Waandishi wa zamani wasema alikuwa mhunzi. Mwaka 269 askari walimfanya Kaisari, na waandishi hao wasema alitawala siku mbili, au siku tatu, kisha askari mmoja akamwua kwa upanga ambao Marius mwenyewe alikuwa ameufua katika kiwanda chake. Ni hadithi nzuri, na kila mwalimu angependa kuwasimulia wanafunzi wake. Lakini sarafu zimeiharibu. Sarafu za Marius zimeonekana nyingi mno, zenye mihuri mbalimbali, na mtu awezaye kupiga fedha kiasi kile hakutawala siku tatu, alipata miezi. Mwandishi alipenda kumcheka mhunzi aliyeketi katika kiti cha Kaisari, akafupisha siku zake ili kicheko kiwe kikubwa. Shaba ndiyo iliyomrudishia miezi yake.

Mwingine ni Domitianus, wa mwaka 271 hivi. Vitabuni ametajwa kwa neno moja tu, tena si kama mtu aliyepata enzi. Mwaka 1900 sarafu moja yenye jina lake iliokotwa Ufaransa, na wataalamu wakasema ni ya uongo, imetengenezwa na mjanja. Ikakaa hivyo miaka mia moja na zaidi, hata mwaka 2003 chungu kilipochimbuliwa huko Chalgrove, karibu na mji wa Oxford katika Uingereza. Ndani yake mlikuwa na sarafu karibu 5,000 zilizoshikana kwa kutu, na katika kuzitenga wakaiona moja yenye sura na jina la Domitianus. Sarafu mbili, basi. Huo ndio ufalme wote uliobaki wa mtu yule.

Hao sarafu ziliwatendea haki. Sasa sikilizeni habari za Carausius, ambaye alizitumia kwa werevu. Huyu alikuwa mkuu wa merikebu za vita, na mwaka 286 alijitwalia Uingereza pamoja na sehemu ya pwani ya Galia. Mwanzoni hakuwa na vyombo vya kutosha, kwa hiyo mafundi wake walitwaa sarafu kuukuu wakapiga chapa yake juu ya chapa ya zamani. Na hata leo kwenye baadhi ya sarafu zile, chini ya sura yake nene yenye ndevu, huonekana mabaki ya sura ya mfalme aliyetangulia. Baadaye akapiga fedha safi, wakati ambapo fedha ya makaisari halali ilikuwa imechakachuliwa, hata kidogo tu kilibaki ndani yake. Tena akatoa sarafu yenye vichwa vitatu kwa safu: chake, cha Diocletianus na cha Maximianus, na maneno ya kusema huyu ni Carausius pamoja na ndugu zake. Nao hao ndugu wakati ule walikuwa wakitengeneza merikebu ili waje wamwue! Mtu aliyeipokea sarafu ile sokoni angefikiri kwamba dola ina amani, na wafalme watatu wala sahani moja. Mwaka 293 Carausius aliuawa na Allectus, mtunza hazina wake mwenyewe, na miaka mitatu baadaye Uingereza ikarudishwa chini ya Rumi.

Na huku kwetu je? Wengi watamkumbuka Seyyid Khalid bin Barghash wa Unguja, aliyeingia katika jumba la Sultani tarehe 25 Agosti 1896, mara baada ya kufa kwake Seyyid Hamad bin Thuwaini, bila ya idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikalipiga jumba lile kwa mizinga, na kabla ya saa moja kupita mambo yalikuwa yamekwisha. Huyu hakupata hata nafasi ya kumwita fundi. Watu wa Unguja wakaendelea kutumia rupia, na zile pesa za shaba alizozitoa baba yake, Seyyid Barghash.

Mfano ulio kamili uko mbali kidogo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Barabara kuu ipitayo hapa Babati, mtu akiifuata kwa Kondoa na Dodoma, kisha Iringa, Mbeya na Tunduma, humfikisha katika nchi ya Zambia penye machimbo ya shaba; na akivuka mpaka yumo Katanga, katika nchi ya Kongo. Watu wengi wa huko wasema Kiswahili, ingawa chao kina ladha yake.

Katanga ni nchi ya shaba tangu kale. Kila mwaka mavuno yakiisha na kiangazi kikiingia, wafua shaba walikwenda vilimani kuchimba mawe ya kijani, wakayapiga, wakayatia katika tanuru pamoja na makaa ya miti, na wavuta mivukuto wakafanya kazi yao hata shaba ikayeyuka. Kisha waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba wa mikono minne iliyolala upande. Yafaa kusema mapema kwamba msalaba huu hauhusiani na imani ya Kikristo; ulikuwako kabla injili haijafika nchi ile. Misalaba mikubwa ilikuwa mali ya kutolea mahari na malipo mengine mazito. Baadaye ikawa midogo, ya kipimo kinachokaribiana, na ndipo twaweza kusema kwamba imekuwa fedha kabisa. Mwaka 1957 na 1958 wachimbuaji walifungua makaburi ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wakaona misalaba hiyo imewekwa juu ya maiti na mikononi mwao. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba ilikuwa ikitumika pande zile tangu karne ya 13 au ya 14. Haina sura ya mtu wala jina la mfalme.

Mtu wa kwanza tutakayemtaja katika habari za enzi ya Katanga alitoka kwetu. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa, mwana wa Kalasa, naye alikuwa Msumbwa wa pande za Bukombe na Kahama za leo. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya shaba, naye mwana akaifuata njia ile, akaingia Katanga karibu na mwaka 1856. Hakuzaliwa katika ukoo wa wakuu wa nchi ile. Lakini alikuwa na bunduki, na watu wake walikuwa wawinda tembo hodari, nao ndio walioitwa Wayeke. Kidogo kidogo akawasaidia wakuu wa pale katika vita zao, akaoa katika koo zao, akaurithi mmoja na kumshinda mwingine, hata akawa mfalme mwenye kuogopwa, kwa jina la Msiri. Mji wake ulikuwa Bunkeya. Pembe za ndovu, watumwa na shaba vilitoka kwake vikienda pwani ya mashariki na pwani ya magharibi pia. Mwaka 1886 akafika kwake mmisionari Frederick Stanley Arnot, akapokewa vema, ingawa aliyoyaona pale ya watu kuuzwa na kukatwa vichwa yalimwumiza moyo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na Omer Bodson, afisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na Bodson naye akauawa pale pale. Hivyo Katanga ikapita kutoka kwa mtu aliyeitwaa kwa bunduki hata kwa wengine walioitwaa kwa bunduki.

Wabelgiji hawakuikawiza shaba. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mji wa Elisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi, ukakua kwa ajili ya machimbo.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na kuwa dola peke yake. Tshombe alikuwa mtu wa elimu ya misheni ya Wamethodisti, mwana wa mfanya biashara tajiri, na mkewe alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Walunda. Waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, wa kizazi cha Msiri yule yule. Kodi za Union Minière zikalipwa kwake badala ya kupelekwa Léopoldville, na maofisa wa Kibelgiji pamoja na askari wa kukodiwa wakalitengeneza jeshi lake. Walakini hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua dola ile, hata Ubelgiji.

Naye Tshombe akafanya kama walivyofanya watu wa Galia: akaanzisha benki, akatoa fedha. Noti za kwanza zilikuwa na sura yake mwenyewe. Kisha mwaka 1961 zikatoka sarafu za faranga moja na faranga tano, za shaba iliyochanganywa na bati, zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Sura ya mtu haimo. Bendera pia ilikuwa na misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Tena ilitolewa sarafu ya faranga tano ya dhahabu, yenye uzito wa gramu 13 na zaidi, ipatayo 20,000 kwa hesabu. Msomaji na afikiri: faranga tano za shaba na faranga tano za dhahabu, thamani iliyoandikwa ni ile ile! Hakuna mwanamke wa Elisabethville aliyenunua unga kwa faranga tano za dhahabu. Ilipigwa kwa ajili ya macho ya wageni, ili waseme kwamba nchi yenye dhahabu kama hii ni dola kweli.

Twauona msalaba ule kuwa jambo la werevu kuliko sura yo yote. Sura ya Tshombe ingesema dola hii ni ya mtu mmoja na ya mwaka huu. Msalaba ulisema dola hii ni ya kale, ilikuwako kabla ya Wabelgiji, na leo imerudi tu mahali pake. Ni lugha ile ile ya Carausius na ndugu zake. Tukitazama makaburi ya Sanga, twaona jinsi lugha hiyo ilivyokuwa na kasoro. Shaba yenyewe ilitoka kusini, ni kweli, katika vilima ambavyo serikali ya Tshombe ilivishika. Lakini Ziwa Kisale liko katika nchi ya Waluba, upande wa kaskazini, na Waluba wengi wa kaskazini waliikataa serikali ile tangu mwanzo. Chama chao, Balubakat, chini ya Jason Sendwe, kilitaka Kongo moja. Askari wa Tshombe wakapelekwa kuwapiga, vijiji vikachomwa moto, na maelfu ya Waluba wakakimbilia kambini Elisabethville kutafuta ulinzi wa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo alama ile iliyolala vifuani mwa wazee wa Waluba karne nyingi ilichorwa katika fedha ya watu waliokuwa wakiwapiga wajukuu wao.

Mambo mengine ya dola ile hayakuandikwa katika sarafu. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliletwa Elisabethville kwa ndege amefungwa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na usiku ule ule wote watatu wakapigwa risasi, Tshombe na Munongo wakiwapo. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba mwaka ule ule, Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alikufa katika ndege iliyoanguka karibu na Ndola, akienda kuonana na Tshombe juu ya kusimamisha vita. Vita ikaendelea mwaka mwingine na zaidi. Katikati ya Januari 1963 Tshombe akakubali kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia Kolwezi, mji wa mwisho. Na katika mambo ya Kongo yaliyo ya ajabu, mwaka 1964 Tshombe huyo huyo akafanywa waziri mkuu wa Kongo yote. Mwaka 1965 akaondolewa, akaenda uhamishoni, na mwaka 1969 akafa kifungoni katika nchi ya Algeria.

Sarafu zake zingaliko, mikononi mwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Tufikiri, basi, kwamba vitabu vyote vimepotea, na baada ya miaka elfu mtu akachimbua chungu chake huko Katanga kama kile cha Chalgrove. Atasoma jina la nchi. Atasoma mwaka 1961 katika kila kipande, kwa maana mwaka mwingine haukuandikwa, naye atasema dola hii ilidumu mwaka mmoja. Kumbe ilidumu miwili na nusu. Jina la Tshombe hataliona. Ataona dhahabu, aseme walikuwa matajiri. Ataona ndizi, aseme walikuwa wakulima. Kisha atautazama msalaba, na kama amekwisha kuchimba Ziwa Kisale atakuwa na misalaba midogo mingine ya kuilinganisha nao, naye ataandika, kwa uhakika wote wa mtaalamu, kwamba waliopiga sarafu hizi ni wana halali wa wale waliozikwa Sanga.